Barua pepe imedukuliwa, namba zote zimeondoka: maswali tunayoulizwa hapa Mwanga, Kigoma

Stesheneri yetu iko Mwanga. Kazi za kila siku ni fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti na kujaza fomu za mtandaoni. Lakini hazipiti wiki nyingi bila mtu kuingia ameshika simu kwa mikono miwili na kusema, "Namba zangu zote zimefutika." Hapa kwetu hilo ni msiba. Mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi ana wavuvi, wenye boti, wanunuzi wa Tabora na Dar es Salaam, na wateja wa Bujumbura, Uvira na Kalemie. Wote wamo ndani ya simu moja, kwa majina anayoyajua yeye peke yake: "Boti Mzee Mfupi", "Mawese Ilagala", "Uvira Yule wa Magunia". Zikipotea, hakuna ofisi ya kwenda kuziulizia.

Majibu haya nimeyaandika kama ninavyoyasema mezani. Kama jambo limekutokea leo, soma swali la pili kwanza kabla ya mengine yote.

Mimi barua pepe situmii kabisa. Inahusiana nini na namba zangu?

Unaitumia bila kujua. Siku uliponunua simu kubwa, muuzaji au kijana wa jirani alikufungulia akaunti ya Gmail, kwa sababu bila hiyo Play Store haifanyi kazi. Tangu siku ile kila jina unalohifadhi linakwenda kwenye akaunti hiyo, isipokuwa kama ulichagua likae kwenye laini au kwenye simu yenyewe. Unachokiona kwenye simu ni nakala tu. Mtu akiingia kwenye akaunti, popote alipo duniani, akafuta majina, simu yako ikipata mtandao inatii na kuyafuta pia. Laini ni ile ile, salio lipo, picha zipo, ila majina hakuna.

Kama hata anwani yako huijui, fungua Play Store ubonyeze ile picha au herufi ya duara juu upande wa kulia. Anwani itatokea. Iandike kwenye karatasi.

Nimegundua sasa hivi. Nianze na nini?

Zima data. Zima na Wi-Fi. Fanya hivyo hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Kisha jiulize: nina kifaa kingine chenye akaunti hii hii? Simu ya zamani, tableti ya watoto, simu uliyompa mdogo wako? Kama kipo na hakijaingia mtandaoni tangu majina yafutwe, majina bado yamo humo. Mwalimu mmoja wa Uvinza alikuja hapa akiwa amekata tamaa. Nikamuuliza habari za simu ya zamani. Akasema ipo nyumbani, kioo kimepasuka, watoto wanachezea gemu, na haijawekewa bando miezi. Alipoileta tuliiwasha bila laini, tukafungua majina: yote yalikuwemo, hadi namba ya mkunga aliyemzalisha mtoto wake wa kwanza. Kioo kilikuwa kimekufa upande wa chini, ikabidi tuigeuze simu kila tulipotaka kubonyeza. Tuliingia kwenye mipangilio ya programu ya majina, tukayatoa yote kama faili moja la vcf, tukalihifadhi kwenye memori kadi. Hapo ndipo tulipoanza kuhangaika na akaunti.

Kwa hiyo simu kama hiyo usiiwashe ikiwa na data. Iwashe bila laini, mbali na Wi-Fi inayoifahamu, na uweke alama ya ndege mara inapowaka.

Na utaratibu ni huu: akaunti kwanza, majina baadaye. Ukirudisha majina wakati mwizi bado yumo ndani, atayafuta tena, na sasa atajua umeamka.

Nenosiri limebadilishwa, siwezi kuingia. Nije hapo dukani mnisaidie?

Usianzie kwangu. Nasema hivi ingawa ni mteja ninayempoteza. Google inapoamua kama wewe ndiye mwenye akaunti, inaangalia kifaa unachotumia na mahali ulipo. Kompyuta yangu haijawahi kuiona akaunti yako. Simu yako, ukiwa nyumbani kwako, inafahamika.

Kaa pale unapotumia simu siku zote, kwa laini au Wi-Fi ile ile, washa data kwa kazi hii tu (kama namba ulishaziokoa au zimeshaondoka, hakuna tena cha kupoteza), nenda accounts.google.com/signin/recovery, uandike anwani yako. Utaulizwa maswali. Usiruke hata moja. Ukiulizwa nenosiri la mwisho unalolikumbuka, andika lile la karibuni zaidi, ukiangalia herufi kubwa na ndogo. Huna hakika? Andika unalolidhania, kwa sababu kukisia vibaya hakukutoi kwenye zoezi. Kijana mmoja kutoka Kasulu alijaribu kwenye kompyuta yangu mara sita na kukataliwa zote. Akarudi nyumbani, akajaribu kwa simu yake akiwa kitandani, akaingia.

Kama huna kifaa chochote ulichowahi kukitumia, basi njoo, tutajaribu pamoja.

Mwizi amebadilisha namba ya simu ya kurejesha akaunti. Nimekwisha?

Bado. Google inaruhusu namba au barua pepe ya zamani ya urejeshaji kutumika hadi siku 7 baada ya kubadilishwa. Ndiyo maana ninasisitiza kuwahi: aliyekuja siku ya tatu na aliyekuja siku ya kumi hawana matumaini sawa.

Tatizo kubwa zaidi tunalokutana nalo ni laini yenyewe kuwa imepotea. Kama ilisajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, nenda kwenye duka la mtandao wako, weka kidole, utapewa laini mpya yenye namba ile ile. Kama ilisajiliwa kwa jina la shemeji yako aliyehamia Mpanda, shemeji mwenyewe ndiye anayepaswa kwenda. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, iripoti kwenye mtandao husika siku hiyo hiyo.

Nimeingia kwenye akaunti. Sasa namba zinarudije?

Kwanza badilisha nenosiri. Pili, kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti, angalia orodha ya vifaa vilivyoingia na ukiondoe kila usichokitambua. Tatu ndiyo namba.

Hapa kompyuta inafaa kuliko simu, na hapa sasa karibu dukani. Fungua contacts.google.com. Kabla ya lolote, toa nakala ya majina yaliyobaki, hata yakiwa matano, uyahifadhi pembeni. Sababu nitaieleza. Kisha bonyeza alama ya gia juu upande wa kulia, uchague palipoandikwa Undo changes, yaani kutengua mabadiliko. Utapewa nafasi ya kurudi nyuma dakika 10, saa 1, jana, wiki 1, au muda unaoupanga mwenyewe usiozidi siku 30.

Watu wengi wanakosea hapo. Wanachagua "jana" kwa sababu jana ndipo walipogundua, kumbe mwizi alifuta siku nne zilizopita wakati simu ilikuwa haina bando. Usikisie. Tafuta kwenye barua zako ile taarifa ya Google kwamba akaunti imefunguliwa kwenye kifaa kipya, uangalie tarehe na saa, kisha urudi nyuma kabla ya saa hiyo. Taarifa hiyo mara nyingi mwizi huifuta, kwa hiyo itafute hadi kwenye kapu la barua zilizofutwa.

Orodha yako itarudi kama ilivyokuwa wakati ule uliouchagua. Maana yake majina uliyoongeza baada ya wakati huo yataondoka, na ndiyo sababu ya ile nakala tuliyotoa mwanzo: utayaingiza tena.

Mama mmoja muuza dagaa alikaa kwenye kiti changu wakati kazi hii inafanyika. Kwenye kompyuta idadi ya majina huonekana pembeni ya orodha. Yake ilisoma tatu. Nilipobonyeza kuthibitisha, ikakaa kimya kidogo, halafu ikaruka ikavuka mia sita. Hakusema kitu. Alianza kusoma majina kwa sauti, moja moja, kama anayeita wanafunzi darasani, akifika kwa mtu muhimu anagonga meza.

Kama yamefutwa majina machache tu, huna haja ya kutengua yote. Fungua kapu la majina yaliyofutwa upande wa kushoto. Hukaa humo siku 30, unachagua unayoyataka na kuyarudisha.

Siku 30 zimepita.

Basi tunakusanya upya. Ni kazi ya siku mbili tatu, lakini nimeona watu wakirudisha sehemu kubwa ya walichopoteza.

Hazina ya kwanza ni meseji za miamala. Kila ulipotuma au kupokea pesa kwa simu, mtandao wako ulikuandikia jina kamili na namba. Kwa mfanyabiashara hiyo ni orodha ya wateja wake halisi, tena kwa majina yao ya usajili. Zipitie kuanzia za zamani, usifute hata moja mpaka umemaliza.

Ya pili ni WhatsApp. Mazungumzo hayakufutika. Yamebaki na namba badala ya jina, na mara nyingi ukisoma mistari mitatu utajua ni nani. Magrupu nayo yanaonyesha namba za wanachama. Zinazoanza na +257 ni za Burundi, +243 ni za Kongo, +260 ni za Zambia, kwa hiyo wateja wa ng'ambo ya ziwa utawatenganisha mapema.

Kwa wale wanaotuma barua pepe kweli, fungua barua ulizotuma. Kila anwani iko pale. Gmail pia huweka pembeni orodha ya watu uliowahi kuwasiliana nao bila wewe kuwahifadhi, na orodha hiyo mwizi mara nyingi haikumbuki.

Kisha ingiza laini yako kwenye kisimu cha batani. Namba zilizohifadhiwa kwenye laini haziguswi na mambo ya akaunti. Na mwisho kabisa, muombe mwenzako mnayefanya naye biashara akutumie majina mnayoshirikiana. Hili watu wanaona aibu kulifanya. Fanya.

Mimi natumia Yahoo, Outlook, au nina iPhone.

Outlook: majina yaliyofutwa yana kapu lake, unayarudisha ndani ya siku 30. iPhone: ingia icloud.com kwenye kompyuta, tafuta sehemu ya kurejesha data, humo kuna nakala za majina za siku 30 zilizopita. Yahoo: kama barua zimefutwa, unaweza kuomba zirudishwe ndani ya siku 7, kwa hiyo usilale.

Kwa nini mtu afute namba zangu? Zinamsaidia nini?

Kabla hajafuta, amenakili. Anafuta ili wewe usiweze kuwaonya watu wakati yeye anawaandikia kwa jina lako akiomba hela. Lifahamu hili vizuri: hata ukirudisha majina yote, yeye bado ana nakala yake. Kurudisha namba ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni swali linalofuata.

Niwaambie nini watu wangu?

Ukweli, kwa maneno machache, leo. Ninawaandikia wateja ujumbe wa namna hii:

"Akaunti yangu ya barua pepe imeingiliwa. Ukipata ujumbe wowote kwa jina langu unaoomba hela, unaobadilisha namba ya malipo, au unaoomba zile tarakimu zinazokuja kwa meseji, usijibu. Nipigie kwa namba hii hii usikie sauti yangu."

Anza na wale waliokuwa karibu kukutumia hela. Sote tunaijua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Ikitoka kwa mtu usiyemjua unaipuuza. Ikitoka kwenye anwani ya mtu mnayefanya biashara miaka minane, ikitaja na idadi ya magunia, unatuma. Wateja wa Uvira na Kalemie wapelekee ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili. Wanaifahamu sauti yako, na sauti inaaminika kuliko maandishi.

Usiogope kuonekana mzembe. Sijaona mteja aliyemkimbia mtu kwa sababu aliwahi kumtahadharisha.

Namba zimerudi na nenosiri nimebadilisha, lakini kuna wateja wanasema wameniandikia na mimi sioni kitu.

Mwizi ametoka, ila ameacha mtego ndani. Jambo hili mafundi wengi hulisahau, nami nililisahau mara ya kwanza, na aliyeumia ni mteja wangu.

Alikuwa msafirishaji wa mawese. Tulirudisha akaunti, tukarudisha majina, akaniaga kwa furaha. Wiki mbili baadaye mnunuzi wake wa Dar es Salaam alilipa malipo ya awali kwenye akaunti ya benki isiyo yake. Nilipofungua mipangilio ya Gmail nikakuta kichujio kimoja kidogo: kila barua yenye neno "malipo" ipelekwe moja kwa moja kwenye kapu la kufutwa, na nakala itumwe kwenye anwani nyingine. Anwani hiyo ilifanana na yake isipokuwa herufi moja, n mbili badala ya m. Mazungumzo yote ya bei mwizi alikuwa anayasoma na kuyajibu, na mwenye akaunti hakuona hata barua moja.

Tangu siku hiyo hakuna mteja anayeondoka kabla hatujapita mipangilio yote: vichujio, kupeleka barua kwenye anwani nyingine, anwani ya kujibiwa, jibu la moja kwa moja, sahihi chini ya barua, watu walioruhusiwa kuingia kwa niaba yako, na programu zilizounganishwa na akaunti. Chochote usichokiweka wewe, kitoe. Chukua muda wako hapa kuliko mahali pengine popote.

Kuna mtu Facebook anasema ana rafiki Google, atanirudishia kwa elfu hamsini.

Tapeli. Google yenyewe inasema haifanyi kazi na watu wanaotoa huduma za kurejesha akaunti. Atakachokuomba baada ya hela ni zile tarakimu za meseji, na hapo utakuwa umemkabidhi na kilichobaki.

Niende polisi?

Kama hela imeondoka, ndiyo. Lakini kwanza piga huduma kwa wateja ya mtandao au benki iliyopokea hela, kwa sababu hela ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni kazi. Kisha nenda kituoni, uandikishe, upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba za simu zinazotumika kutapeli ziripoti kwa meseji kwenda 15040.

Barua za mwizi usizifute kwa hasira. Zipige picha ya skrini zikionyesha tarehe na anwani, uje tuzichape. Karatasi inamsaidia mpelelezi kuliko maelezo ya mdomo.

Walilipataje nenosiri langu?

Kwa hapa kwetu, jibu la kwanza ni kwamba nenosiri lilikuwa namba yako ya simu. Muuzaji ndiye aliyeliweka, akaliandika kwenye boksi la simu, na wewe hukulibadilisha.

La pili ni kutumia nenosiri moja kila mahali. Mwaka 2013 Yahoo ilivunjwa, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba akaunti zote, kiasi cha bilioni 3, ziliguswa. Mwenye nenosiri lile lile Yahoo na Gmail alikuwa ameacha mlango wa pili wazi.

La tatu ni linki. Umeandikiwa kwamba akaunti yako itafungwa, ukabonyeza, ukajaza nenosiri kwenye ukurasa wa bandia.

La nne linatuhusu sisi wenye kompyuta za kulipia. Nimewahi kufungua duka asubuhi nikakuta akaunti ya mteja wa jana iko wazi. Nikamtoa. Mwingine asingemtoa. Ukimaliza kazi, toka kwenye akaunti yako mwenyewe, kwa mkono wako, kabla hujasimama.

Nifanye nini isijirudie?

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mtu akiingia kwa nenosiri lako anaombwa pia uthibitisho wa pili, kwa mfano zile tarakimu za meseji. Google itakupa pia tarakimu za akiba 10, kila moja inatumika mara moja tu. Zichape, zikunje, uziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Siku laini ikipotea, karatasi hiyo ndiyo itakayokuingiza.

Na kila mwezi toa majina yako kama faili la vcf, uliweke kwenye memori kadi au umtumie mtu unayemwamini. Huwa nawakumbusha wateja habari za Liemba, maana kila mtu wa Kigoma anaijua meli ile. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, mafundi waliipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi ilipakwa kabla ya meli kuzama.

Je, nihifadhi namba kwenye laini badala ya akaunti?

Zile kumi au ishirini za lazima, ndiyo, ziwe na huko pia. Zote, hapana. Laini nyingi hubeba majina kama 250 tu, na laini ikiibiwa zinaondoka nayo.

Na daftari la kawaida?

Linafaa sana. Yule mama wa dagaa, siku majina yake yaliporudi, alinunua kaunta buku hapa hapa dukani na kalamu mbili. Akaniomba nimchapie orodha, kisha akabadilisha mawazo, akasema ataiandika mwenyewe ili aikumbuke. Amekuwa akija jioni baada ya mnada, anakaa pale karibu na dirisha na simu yake. Mara ya mwisho alikuwa amefika herufi M.